Kabla Baridi Haijaingia: Jinsi ya Kupanga Chanjo za Kifua kwa Familia Iliyoko Ulaya

Huku Ulaya magonjwa ya njia ya hewa yana msimu wake, na msimu huo unajulikana mapema. Virusi vya RSV, ambavyo huwabana vichanga kifua, huanza kupanda Oktoba. Homa ya mafua hufuata na mara nyingi hushika kasi kati ya Desemba na Februari. Korona haifuati kalenda, inaweza kupanda hata katikati ya kiangazi. ECDC, taasisi ya Umoja wa Ulaya ya kudhibiti magonjwa yenye makao yake Stockholm, inakadiria kwamba homa ya mafua peke yake huondoka na watu kati ya 15,000 na 70,000 kwa mwaka. Mwaka 2009 Baraza la Umoja wa Ulaya lilizitaka nchi wanachama zifikishe chanjo hiyo kwa asilimia 75 ya wazee wao. Denmark, Ireland na Ureno zimewahi kufika huko. Nchi nyingi bado ziko mbali.

Kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili, tatizo aghalabu si kuikataa chanjo. Chanjo ipo na imeshalipiwa, lakini taarifa inaletwa kwa barua ya Kijerumani au Kiholanzi, barua inawekwa juu ya friji pamoja na matangazo ya supamaketi, na msimu unapita. Anza kazi hii mwezi Agosti. Ukichelewa sana, Septemba. Mwili unahitaji takriban wiki mbili baada ya sindano ya mafua ndipo kinga ikamilike, kwa hiyo anayesubiri mpaka jirani aanze kukohoa ameshachelewa.

Hatua ya 1: Andika majina ya watu wa nyumbani na hali zao

Chukua karatasi. Andika kila mtu, umri wake, na ugonjwa wowote wa kudumu alionao: pumu, kisukari, moyo, figo, ini, VVU, saratani inayotibiwa sasa. Andika kama kuna mjamzito au anayetarajia kujifungua kati ya Septemba na Machi. Andika pia kazi ya kila mtu mzima, maana wengi wetu tunafanya kazi kwenye nyumba za wazee na hospitali, na kazi hiyo peke yake mara nyingi inakupa haki ya chanjo ya bure. Ujerumani daktari wa kampuni hukuchanja kazini. England wahudumu wa afya na wa matunzo wanaohudumia watu moja kwa moja wana haki ya chanjo ya mafua bila malipo.

Kama kuna mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoita, mpigie mstari mwekundu. Ugonjwa huu huharibu wengu tangu utotoni, na wengu ndio kiungo kinachochuja bakteria wa nimokoka kwenye damu. Mtoto mwenye selimundu akipata nimokoka anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache, homa imeanza asubuhi na jioni hali ni mbaya. Anahitaji chanjo ya nimokoka kwa ratiba yake maalumu, zaidi ya ile ya watoto wote, na chanjo ya mafua kila mwaka. Daktari wa mji mdogo wa Ulaya huenda hana wagonjwa wengi wa aina hii, basi usingoje akumbuke. Sema wewe. Kijerumani ugonjwa unaitwa Sichelzellkrankheit, Kifaransa drépanocytose, Kiholanzi sikkelcelziekte. Andika neno hilo kwenye karatasi yako na umwonyeshe.

Hatua ya 2: Tafuta mlango wa nchi unayoishi

Watu hudhani kwa kuwa ni Umoja wa Ulaya basi utaratibu ni mmoja. Sivyo. Shirika la dawa la Ulaya, EMA, lililopo Amsterdam, ndilo linalopima dawa na chanjo na kupendekeza ziidhinishwe kwa nchi zote za Umoja. Lakini nani achanjwe, kwa umri gani, wapi na nani alipe, kila nchi huamua yenyewe. Chanjo ya mafua Ujerumani na Uholanzi hutolewa kwa wote kuanzia miaka 60, wakati Ufaransa, Uswidi na Uingereza zinaanzia 65. Kwa hiyo usifuate aliyoambiwa dada yako aliyeko nchi nyingine.

Uingereza, mlango ni GP, yaani daktari wa familia. Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji pasipoti, uthibitisho wa anwani wala karatasi za ukaazi. Wapo wafanyakazi wa mapokezi wanaodai hivyo vyote. Waambie kwa upole kwamba mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya taifa, hauwalazimishi wagonjwa kuwa navyo. Ukihitaji mkalimani, omba unapopanga miadi, na hulipi.

Ujerumani, nenda kwa Hausarzt, daktari wa familia, na kadi yako ya bima. Maduka mengi ya dawa nayo huchanja mafua na korona kwa watu wazima. Anayeomba hifadhi na bado hana kadi ya bima anastahili chanjo zinazopendekezwa, kwa mujibu wa sheria ya mafao ya waomba hifadhi.

Uholanzi, huisarts wako, yaani daktari wa familia, ndiye anayetuma mwaliko wa sindano ya mafua, na neno la kutafuta kwenye bahasha ni griepprik. Watoto wanapitia consultatiebureau, kliniki ya watoto wadogo. Uswidi ni vårdcentral, kituo cha afya, kwa wakubwa, na BVC, kliniki ya watoto, kwa wadogo, na ushauri wa simu ni namba 1177. Ufaransa, bima ya afya hutuma hati ya bure kwa wanaostahili; unaipeleka duka la dawa na mfamasia anaweza kukuchanja hapo hapo. Mwenye mtoto chini ya miaka sita akienda kituo cha PMI, kliniki ya mama na mtoto, hatoi senti.

Hatua ya 3: Toa kadi za kliniki kwenye sanduku

Kadi ya kliniki ya mtoto aliyezaliwa Mombasa au Mwanza ni mali. Utaona sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14: pentavalenti, ambayo ndani yake mna kinga ya kifaduro, dondakoo na pepopunda, na pembeni yake PCV, ambayo ndiyo ya nimokoka. Muuguzi wa Ulaya akiiona hatarudia kila kitu kuanzia mwanzo. Akiikosa, anaweza kulazimika kurudia.

Tazama pia kilichokosekana. Ratiba za kwetu huishia hapo kwa kifaduro, lakini nchi za Ulaya huwaongezea watoto dozi nyingine kabla ya kuanza shule, na baadhi yao tena ujanani. Mtoto aliyefika hapa akiwa na miaka minne au mitano huenda anastahili dozi hiyo na hakuna aliyemwita, kwa sababu hakuwa kwenye orodha alipozaliwa. Homa ya mafua nayo haimo kabisa katika ratiba ya kawaida ya Kenya wala Tanzania, kwa hiyo wengi wetu tumekua bila kuijua chanjo yake.

Ujerumani utapewa kijitabu cha manjano, Impfpass. Kina ukurasa wa homa ya manjano kama kadi tunayoonyesha uwanja wa ndege, na kurasa nyingine za chanjo zote. Usikiache nyumbani siku ya miadi. Piga picha kurasa zake na uziweke kwenye simu.

Hatua ya 4: Mjamzito kwanza

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo faida ilipo kubwa kuliko mahali pengine popote.

Mtoto mchanga hawezi kuchanjwa kifaduro siku anayozaliwa. Sindano ya kwanza huja akiwa na wiki sita hadi nane au zaidi, na katikati hapo yuko wazi. Kifaduro kwa mtu mzima ni kikohozi kirefu cha kuchosha. Kwa kichanga cha mwezi mmoja, mara nyingine hakuna hata kikohozi: mtoto anaacha tu kupumua kwa muda, anabadilika rangi. Mwaka 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024 nchi za Umoja wa Ulaya na majirani zake ziliripoti karibu wagonjwa 60,000 wa kifaduro, zaidi ya mara kumi ya miaka miwili iliyotangulia. Waliokufa walikuwa hasa vichanga na wazee.

Dawa yake ni kumchanja mama. Kinga anayoitengeneza hupita kwenye kondo la nyuma na mtoto anazaliwa nayo. Uingereza sindano hii imekuwa ikitolewa tangu Oktoba 2012, na kwa sasa ni kuanzia wiki ya 16 ya mimba, vizuri kabla ya wiki ya 32. Uholanzi hutolewa kuanzia wiki ya 22, na ndiyo maana inaitwa 22 wekenprik. Ujerumani huanza takriban wiki ya 28. Ni kwa kila mimba. Ukipata ya mtoto wa kwanza, ya pili utadungwa tena, kwa sababu kinga iliyobaki mwilini mwako haitoshi kumgawia mwingine.

Ya mafua hutolewa msimu ukifika. Uingereza ni katika mwezi wowote wa mimba, na Ujerumani kwa mjamzito mwenye afya ni kuanzia miezi mitatu ya pili.

Kisha kuna RSV, na hapa nchi zimechagua njia mbili tofauti. Uingereza inamchanja mama: tangu Septemba 2024 kila mjamzito hupewa kuanzia wiki ya 28. Ufaransa inamwachia mzazi achague, mama achanjwe kati ya wiki ya 32 na ya 36 wakati wa msimu, au mtoto adungwe baada ya kuzaliwa. Ujerumani, Uhispania na sasa Uholanzi zinamdunga mtoto mwenyewe. Anachodungwa si chanjo hasa, ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, zinaitwa nirsevimabu, dozi moja inayomkinga kwa miezi isiyopungua mitano. Galicia, jimbo la kaskazini magharibi mwa Uhispania, lilianza kuwadunga vichanga wote Septemba 2023, na watafiti waliofuatilia walikuta hatari ya kulazwa kwa RSV ya mapafu imepungua kwa asilimia 82. Kwa ugonjwa ambao huko nyuma ulijaza wodi za watoto kila Desemba, hayo ni mabadiliko makubwa.

Kwa vitendo: muulize mkunga wako swali moja, “Mtoto wangu atakingwa vipi na RSV?” Ukiambiwa ni sindano ya mtoto, uliza itadungwa lini. Ujerumani mtoto anayezaliwa kati ya Oktoba na Machi anatakiwa aipate mapema, ikiwezekana kabla hajatoka hospitali. Aliyezaliwa Aprili hadi Septemba huipata vuli inapoanza, na hapo ndipo familia nyingi husahau, kwa sababu mama ameshamaliza kliniki za uzazi na mtoto amenona na hana dalili yoyote. Weka alarmu kwenye simu: Septemba, daktari wa watoto.

Hatua ya 5: Watoto wa shule na suala la gelatini

Uingereza watoto wa miaka miwili na mitatu, na wale wa shule, hupewa chanjo ya mafua ya kupuliza puani. Hakuna sindano. Muuguzi anaingiza ncha ya plastiki kwenye tundu la pua, anapuliza tone dogo, anahamia tundu la pili, na mtoto anaweza kurudi darasani akiwa anafuta pua tu.

Chanjo hiyo ya puani ina gelatini ya nguruwe. Familia nyingi za Kiislamu zikisikia hivyo hukataa chanjo yote, na mtoto anabaki bila kinga kwa jambo lenye njia ya kutokea. Ipo chanjo ya sindano isiyo na gelatini, na mzazi ana haki ya kuiomba. Fomu ya idhini huja kutoka shuleni, siku hizi mara nyingi kwa kiungo cha barua pepe, mwanzoni mwa muhula wa Septemba. Usiweke “hapana” ukaacha hapo. Tafuta sehemu ya kuomba sindano isiyo na gelatini, au wapigie timu ya chanjo namba iliyo kwenye fomu. Wapo wanazuoni wanaoruhusu ile ya puani pia. Hilo ni la kuzungumza na sheikh wako. Nchi nyingine nyingi za Ulaya hutumia sindano kwa kawaida, hivyo suala hili halijitokezi.

Hatua ya 6: Wazee, na wazazi waliokuja kutembea

Wazee wa hapa wana chanjo nne za kufikiria: mafua kila vuli, korona kwa ratiba ya nchi, nimokoka, na RSV. Ya nimokoka Ujerumani hutolewa kuanzia miaka 60, England ukifika 65. Ya RSV Ujerumani ni kuanzia miaka 75, au 60 kwa mwenye maradhi makubwa ya kudumu au anayeishi nyumba ya wazee. Uingereza nayo ilianza na waliofika miaka 75. Kwa sasa ya RSV hutolewa mara moja tu, hairudiwi kila mwaka. Umri wa kupewa ya korona hubadilika karibu kila msimu, basi uliza upya kila Septemba hata kama mwaka jana ulipewa.

Mzee akienda kwa ya mafua Ujerumani, hakikisha anapewa ile iliyoongezewa nguvu, ambayo inapendekezwa kuanzia miaka 60, kwa sababu mwili wa uzeeni hauitikii vizuri dozi ya kawaida.

Kuna wazazi wanaokuja kwa viza ya miezi mitatu au sita, wakati mwingine kuja kulea mjukuu, na wanafika Novemba moja kwa moja kutoka joto la Dar. Mazungumzo huwa hivi:

“Mama, shikamoo. Kabla hujaondoka, au ukifika tu, tukuchanje mafua.”

“Marahaba mwanangu. Mafua mimi nimeugua tangu utotoni, ndimu na tangawizi yanatosha.”

“Mama, haya ya huku yanalaza watu. Na kuna mtoto wa mwezi mmoja ndani.”

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Bibi ambaye hatajali nafsi yake atajali mjukuu. Mgeni anaweza kulazimika kulipia: Uingereza sindano ya mafua kwenye duka la dawa huwa kati ya pauni 15 na 25 hivi. Ukilinganisha na bili ya mgeni asiye na bima aliyelazwa, lipa.

Anayekwenda Hija au Umra na familia ya Ulaya atahitaji pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo, aina ya ACWY, siku zisizopungua 10 kabla ya kuingia Saudi Arabia. Ni ugonjwa mwingine unaosafiri kwa mate na pumzi. Ongeza na ya mafua wakati huo huo.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Vaa nguo yenye mkono unaopanda kirahisi. Beba kadi ya chanjo, orodha ya dawa unazotumia na karatasi uliyoandika hatua ya kwanza. Muuguzi atakuuliza kama una homa leo, kama uliwahi kudhurika vibaya na chanjo, kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, kama una mzio. Mwenye mzio wa mayai aseme. Wengi wao huchanjwa bila tatizo, na zipo chanjo zisizotengenezwa kwa mayai. Mafua madogo bila homa si sababu ya kuahirisha.

Ya mafua na ya korona zinaweza kudungwa siku moja, mikono tofauti. Mkono utauma, unaweza kupata homa ndogo na uchovu kwa siku moja au mbili. Panga usidungwe jioni kabla ya zamu nzito ya kunyanyua wagonjwa.

Na lile la “nilichanjwa nikaugua mafua”. Sindano ya mafua haina kirusi hai, hivyo haiwezi kukupa homa ya mafua. Kinachotokea ni kwamba vuli imejaa virusi vingine mamia vya makamasi, na wiki mbili za mwanzo kinga bado haijasimama. Ni kweli pia kwamba chanjo hii si ukuta kamili. Kutegemea mwaka, hupunguza hatari ya kuugua kwa takriban asilimia 30 hadi 60, kwa sababu Shirika la Afya Duniani huchagua aina za virusi mwezi Februari na virusi hubadilika kabla baridi haijafika. Wanaoichukua na bado wakaugua, wengi huugua nyumbani badala ya hospitali. Mimi naona hiyo ni sababu tosha.

Hatua ya 8: Aliyechanjwa akiugua, ujue mpaka

Mtoto anayepumua mbio, mbavu zikididimia kila akivuta hewa, pua zikipanuka, akikataa kunyonya au nepi ikikaa kavu nusu siku, huyo ni wa kupelekwa sasa. Hali kadhalika mtoto ambaye midomo inabadilika rangi. Kwenye ngozi nyeusi usitafute ubluu usoni. Tazama ndani ya midomo, ulimi na ufizi, na uwaonyeshe wahudumu wa gari la wagonjwa hapo hapo. Mwenye selimundu mwenye homa haangojewi mpaka asubuhi. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na kikohozi, vivyo hivyo, hata kama hana homa.

Namba ya dharura katika nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112, bure, hata kwa simu isiyo na salio. Uingereza ni 999, na 112 inafanya kazi pia. Huko Uingereza, kwa ushauri usio wa dharura piga 111 na useme “Swahili” kuomba mkalimani.